Bwana Mdogo na skuli ya sweta

Kazi yangu ni cherehani. Nina kibanda Chake Chake, Pemba, si mbali na soko, na katika nguo zote ninazoshona, inayonilisha hasa ni sare ya skuli. Madera yana sikukuu zake, nguo za harusi zina msimu wake, lakini watoto hurefuka mwaka mzima. Kwa hiyo skuli za mji huu nazijua kwa kitambaa. Mama akifungua mfuko wake tu, kabla hajatamka neno, nishajua mtoto anasoma wapi, na mara nyingi nishajua pia anahamia wapi.

Sare ya serikali ni nyeupe na buluu, tetroni ya kawaida, na mwenye mtoto atanambia niache pindo pana ili sketi ivuke mwaka wa pili. Sare ya skuli ya kulipia ina mambo mengi: kitambaa cha vyumbavyumba, tai, mfuko wa kifuani, nembo ya kudarizi. Katikati ya mwaka hunijia wateja wa namna mbili. Wa kwanza ni wale wanaompeleka mtoto huko kwenye vyumbavyumba. Hao huja asubuhi, wamechangamka, wanataka nguo Jumatatu isifike. Wa pili huja magharibi inakaribia, nishaanza kufunika mashine. Mama anatoa shati jeupe, zuri, halina hata kifungo kilichokatika, anasema kwa sauti ya chini, "Fundi, nifumulie hii nembo."

Nafumua. Uzi hutoka wote, lakini pale palipokuwa na nembo jua halikuwahi kupafika, basi hubaki duara jeupe kuliko shati lenyewe, na vitundu vya sindano vimelizunguka. Mtoto atavaa shati lile kwenye skuli ya serikali na kila mwenziwe atajua alikotoka. Siku hizi nikiona mama ameinamisha uso, namshauri tuweke mfuko juu ya lile duara. Mfuko simtozi.

Wengi wa hao wanaorudi hawarudi kwa sababu skuli ilikuwa mbaya. Ni ada. Na ada kwetu Pemba mara nyingi ni karafuu, na mikarafuu haizai sawasawa kila mwaka. Msimu ukikubali, majamvi yametandazwa kila uwanja na mji mzima unanukia, kila mtu anajiona ana uwezo wa kulipa miaka 6. Msimu unaofuata ukikataa, mimi ndiye ninayeletewa mashati. Watoto niliowapima kwa futi kwenda, nimewapima na kurudi, na hapo katikati mtoto kabadilishwa lugha ya kusomea mara mbili.

Hayo nimeyasema mwanzo ili msomaji ajue jicho nililokuwa nalo jambo lilipoingia nyumbani kwangu.

Mwanangu wa pili yuko darasa la tatu. Nyumbani tunamwita Bwana Mdogo, na hapa atabaki hivyo hivyo, maana akikua hatapenda jina lake likae mtandaoni na habari hizi. Ni mtoto mwenye maneno. Mtume dukani vitu sita, atarudi navyo sita na chenji kamili, bila karatasi. Chuoni, kwenye Kurani, amehifadhi sura nyingi kuliko dada yake alipokuwa umri wake. Akikaa na wakubwa barazani anasimulia mpira aliousikia redioni kama vile alikuwa uwanjani Gombani mwenyewe. Mtoto wa namna hiyo nani atamdhania?

La kwanza alipita, la pili alipita kwa kusukumwa. La tatu alama zikaporomoka, zote, hata Dini ambayo anaijua kwa mdomo kuliko watoto wengi. Ripoti ikaandika "aongeze bidii". Maneno hayo nimeyaona kwenye ripoti za nyumba nzima, yangu na ya mume wangu pia.

Usiku mmoja nilikuwa na kazi ya haraka, yeye amekaa chini karibu na mashine anasoma kitabu chake kwa sauti, hadithi ya sungura kwenye kisima. Anasoma vizuri, na sauti ya sungura anaitia. Nikamwambia, bila nia yoyote, "Hebu anzia hapa kati, hapo mwanzo nishapasikia." Akaanza tena mwanzo. Nikamwambia, si hapo, hapa, nikaweka kidole. Akaitazama picha. Halafu akanitazama mie, usoni, kwenye midomo.

Nikazima mashine. Kulikuwa na kipande cha kitambaa cheusi mezani, nikachukua chaki yangu ya fundi nikaandika "baba". Akasoma baba. Nikaandika "bata". Akasoma baba. Nikaandika "kitabu", akasema kiti, kisha akasema kitanda, kisha akaanza kucheka kile kicheko cha mtu anayetaka wewe nawe ucheke mambo yaishe. Kitabu chote cha sungura alikuwa amekihifadhi. Wenzake wanasoma kwa pamoja darasani, dada yake anasoma nyumbani, yeye anasikiliza mara mbili tatu, basi. Kwa sikio lile kavuka madarasa mawili.

Mume wangu ni mpishi kwenye hoteli ya Paje, Unguja. Nilimpelekea habari usiku ule ule kwa ujumbe wa sauti, naye hakungoja asubuhi kunijibu. Jibu lake lilikuwa fupi: mtoto ahame. Kuna skuli ya kulipia mjini, darasa lina watoto thelathini, wanasoma Kiingereza tangu chekechea. "Kwenye darasa lake hilo lenye watoto sabini," alisema, "mwalimu atamuona saa ngapi?"

Sitaki nionekane nimemfanya mume wangu kuwa mtu wa kufuata fasheni. Hoja yake ina mizizi. Alianza pale hotelini kwa kuosha sahani. Vijana alioanza nao pamoja, wale waliokuwa wanakizungumza Kiingereza vizuri, walikwenda mapokezi, wakaenda ofisini, yeye akabaki jikoni na ufundi wake wote wa kupika, mpaka alipojifundisha lugha kwa wageni na kwa simu yake. Tena anajua kinachokuja mbele: mtoto akifika kidato cha kwanza masomo karibu yote ni kwa Kiingereza, awe ametoka skuli ya bure au ya ada. Na tangu Sera ya Elimu ya 2006 msingi kwetu Zanzibar ni miaka 6, si 7 kama niliyosoma mie. Darasa la tatu ni nusu ya safari. "Hatuna mwaka wa kuchezea," ndivyo alivyosema, na hapo nilinyamaza kwa sababu alikuwa amesema kweli.

Baba mkwe naye akaingia. Hakuna aliyemwita, lakini barazani kwetu hakuna anayeitwa. Yeye mwaka 1964 alikuwa na miaka 11, na babake alishamwambia kuwa ule ndio mwisho wake wa kusoma, akawapishe wadogo zake, maana fedha hazitoshi kwa wote. Tarehe 23 Septemba mwaka ule Mzee Karume akatangaza elimu bila malipo. Mzee anaihadithia siku hiyo kama watu wengine wanavyohadithia siku ya harusi yao. "Tuliondoshewa ada," alisema, "leo nyie mnaifunga kwenye kitambaa mnawapelekea wenyewe!"

Nampenda baba mkwe wangu, na historia yake naiheshimu. Lakini yeye hajaingia kwenye darasa la tatu saa nane mchana. Skuli yetu bado ina mikondo miwili. Kuna sehemu wamejengewa skuli za ghorofa miaka hii ya karibuni na watoto wote wanasoma asubuhi, wetu bado. Bwana Mdogo alikuwa mkondo wa mchana. Asubuhi anakwenda chuoni, anarudi, anaoga, anakula wali wake, anaingia skuli jua liko utosini na tumbo limejaa. Mwalimu wake mwenyewe alinambia ikifika saa tisa nusu ya darasa inasinzia na yeye anawafundisha waliobaki.

Basi nikaenda kuiona hiyo skuli ya kulipia. Sitaitaja, na mwenye kuijua kwa haya nitakayoyasema ajue kwamba sina ugomvi nayo. Ni safi. Vyoo vina maji, jambo ambalo mama yeyote mwenye mtoto wa kike hulitazama kabla ya ubao. Watoto walisimama wote wakanisalimia kwa Kiingereza kwa sauti moja, na Bwana Mdogo, wallahi, kabla hatujakaa alishaishika ile salamu na akaijibu.

Wakamfanyia usaili. Mwalimu kijana, mpole, ana subira. Akamwimbisha alfabeti, akaimba, katuni za dada yake zilimfunza. Akamhesabisha, akahesabu. Akamwonesha picha za matunda na rangi, alizozijua akazitaja, asizozijua akatajiwa mara moja na mara ya pili akazitaja mwenyewe. Mwalimu akanigeukia macho yanang'aa. "Mama, huyu ana kichwa chepesi sana. Tutampa darasa la pili azoee lugha, mwakani la tatu."

Nilikuwa nasikia raha na wasiwasi kwa wakati mmoja. Mtoto wangu hajasifiwa na mwalimu tangu la kwanza. Lakini nilikuwa sijaona herufi hata moja ikionyeshwa kwa kidole. Nikamwomba mwalimu amwandikie neno moja tu, lolote, la lugha yoyote. Akaandika kwa Kiingereza lile neno fupi la paka ambalo kila kitabu huanza nalo. Akamwekea karatasi mbele. Bwana Mdogo hakuitazama karatasi. Akamtazama mwalimu midomoni. Na mwalimu, masikini, kwa upendo tu wa kutaka mtoto apate, midomo yake ikalitengeneza neno lile. Haikutoka sauti, midomo tu. Mtoto akasema: paka, kwa Kiingereza, safi kabisa.

"Umeona mama?" mwalimu akanambia.

Niliona.

Nikauliza kwa adabu je, hawezi kuanzishwa la kwanza, pale wanapojifunza herufi. Wakashangaa. Kwa umri wake atakuwa mkubwa kuliko wenzake, wakasema, na kusoma kutakuja kwenyewe lugha ikishakaa. Kwa watoto wengi naamini ni hivyo. Watoto wenye macho ya herufi, ukiwapa lugha watasoma. Wangu angepewa lugha mpya, ya pili ya kuihifadhi kwa sikio, na angeihifadhi vizuri, na wangemsifu, na tungefika la tano ndipo watambue. Mpaka hapo tungekuwa tushalipa.

Tena kulipa kwenyewe nilikupigia hesabu kwenye daftari langu la wateja. Ada 290,000 kwa muhula, mihula miwili, hiyo 580,000. Gari la skuli 30,000 kwa mwezi, miezi 10, ni 300,000. Vitabu 85,000. Sare 95,000, na hapa nilicheka peke yangu njiani, kwa sababu sare lazima inunuliwe dukani kwao, mama ni fundi wa sare lakini haruhusiwi kumshonea mwanawe, na ndani ya hiyo 95,000 kuna sweta. Sweta, Pemba. Mwezi gani? Jumla 1,060,000 kwa mwaka. Kushona sare moja ya serikali, nikitoa kitambaa na uzi, hunibakia kama 8,000. Ni zaidi ya sare 130 kabla sijanunua unga.

Mume wangu anapata, sikatai. Lakini hoteli nayo ina msimu, kama mikarafuu. Aprili na Mei, masika ikishuka, wageni hupungua, hoteli nyingine hufunga kabisa, na bakshishi ndiyo hukatika mwanzo. Miezi hiyo ndiyo anayotuma nusu. Na ndiyo miezi ambayo mabaki ya ada ya muhula wa kwanza huanza kudaiwa. Nilishaona duara jeupe kifuani mwa watoto wa watu, sikutaka kumfumulia wangu.

Macho na masikio tulimpima hospitali. Mazima.

Nikaenda kwa mwalimu wake wa serikali. Nilimkuta na rundo la madaftari, juu ya meza, chini ya meza, mengine kwenye mfuko wa kwenda nayo nyumbani. Nilimweleza habari ya sungura na kisima. Hakujitetea. Akaniambia anajua wako kadhaa kwenye darasa lake, lakini Bwana Mdogo hakuwa kwenye hesabu yake kwa sababu huyo ndiye anayemtumia kuongoza wenzake kusoma kwa pamoja! Tukatazamana, tukacheka wote wawili, kicheko cha uchungu. Ni mtoto anayejua wapi pa kujificha, na mahali pazuri pa kujificha kwenye kusoma kwa pamoja ni mbele, huku ukitoa sauti kuliko wote.

Akataka kumsogeza dawati la mbele amwone vizuri. Nikamwomba sana asifanye hivyo, akikaa mbele atasoma midomo yake. Amweke popote lakini awe anamwonyesha neno kwa kidole, peke yake, mara moja kwa siku akiweza. Akasema atajaribu, na mwalimu wa watoto sabini akisema atajaribu mie namshukuru. Akanipa na mambo mawili ambayo sikuyajua. La kwanza, mkuu wa skuli ana uwezo wa kumhamishia mkondo wa asubuhi nafasi ikipatikana. La pili, Wizara ya Elimu ina kitengo cha Elimu Mjumuisho na Stadi za Maisha, na mtoto mwenye uzito wa kujifunza skuli inaweza kumpeleka kwao akatazamwe. Mie nilidhani kitengo hicho ni cha watoto wasioona na wasiosikia tu.

Aliyenishangaza zaidi ni maalim wake wa chuoni. Nilimwendea nikiwa na haya, nikidhani namletea habari mpya. Yeye akatikisa kichwa. "Huyu namjua," akasema. "Ukimwanzisha mwanzo wa sura anamiminika. Nikimwekea kijiti katikati ya aya, kimya. Anahifadhi kwa sikio, jicho lake bado." Nikamuuliza kwa nini hakunambia. Akasema alijua mwenyewe la kufanya: wiki kadhaa nyuma alishamrudisha kwenye herufi na watoto wadogo, na mtoto kwa aibu hakusema nyumbani. Kwa hiyo mtu wa kwanza kumuona mwanangu ni mzee mmoja mwenye kijiti, anayelipwa kwa sadaka ya Alkhamisi.

Mume wangu alipokuja kwa likizo yake tulikaa barazani, mie, yeye, na baba mkwe, na wifi yangu akapita akakaa, hata mhogo wa nazi ukapoa. Wifi alisema lile ambalo kila mtu alikuwa analifikiria: watu watasema babake yuko hotelini Unguja na mtoto yuko skuli ya bure na hajui kusoma. Ni kweli watasema. Wanakuja kibandani kwangu kusema habari za wengine, kwa nini wasiseme zangu.

Sikumficha mume wangu upande wa pili. Nina mteja, bintiye alikuwa akipotea kwenye darasa kubwa, mtoto mwoga, hata ruhusa ya kwenda chooni haombi. Walimhamishia kwenye watoto thelathini na sasa ukimkuta humtambui, anasoma kila kibao cha njiani kwa lugha mbili na anakusahihisha ukikosea. Yule alihitaji watu wachache. Namfurahia kila nikimwona na nimemshonea tangu yuko chekechea. Lakini wetu si mwoga. Wetu watu hawamshindi, herufi ndizo zinamshinda, na nilikaa kwenye kile chumba kisafi nikaona kwa macho yangu mwalimu mzuri anavyomvusha bila kujua. Nikamwigizia mume wangu ile midomo ya mwalimu. Baba mkwe alicheka mpaka akakohoa. Mume wangu hakucheka. Akaniuliza, "Hata wao hawakuona?" Nikamwambia, hata wao.

"Na huyo wa serikali?"

"Hata yeye. Aliyeona ni maalim."

Akakaa kimya muda. Halafu akasema fedha si neno, fedha atatafuta. Nikamwambia nazijua fedha za kutafuta, nazifumua kila mwaka. Hapo tuligombana kidogo, haya ya mtu na mkewe siyaandiki.

Tulichokubaliana ni hiki. Anabaki alipo mpaka Disemba. Mkuu wa skuli amempa mkondo wa asubuhi, chuo kimehamia mchana baada ya kulala kidogo. Na baada ya alasiri anakwenda nyumba ya pili kutoka kwetu kwa bibi mmoja mwalimu mstaafu, aliyefundisha la kwanza maisha yake yote na anayeona aibu kupokea pesa kwa jirani. Kwa hiyo namlipa kwa sindano. Madera yake, mashuka yake, na wajukuu zake nguo za Idi, vyote juu yangu.

Yeye hakutaka kitabu. Alinambia nimkatie vikadi, nikachukua maboksi yanayobaki dukani kwa muuza vitambaa, nikakata kwa mkasi wangu, yeye akaandika silabi kwa kalamu nene: ba be bi bo bu, ta te ti to tu. Kila siku anavichanganya upya, kwa sababu siku aliyoviacha na mpangilio wake Bwana Mdogo alishauhifadhi. Na nilipomweleza habari ya midomo, akafanya kitu ambacho hakuna skuli iliyowahi kukifanya: mtoto akisoma, yeye anavuta ncha ya ushungi anaufunika mdomo wake wote, macho tu yanabaki.

Bwana Mdogo hampendi. Alirudi siku za mwanzo analia, ananambia, "Mama, bibi yule hana mdomo." Sasa halii, ananuna. Baba na bata ameshazitenganisha, na kitabu na kitanda. Neno ng'ombe bado anapigana nalo, na maneno marefu anayakata njiani akabuni yaliyobaki, ila akibuni sasa macho yako kwenye kadi. Skulini alama hazijapanda. Hisabati ya maneno bado ni sifuri au karibu na sifuri, na mwalimu wake ananiandikia kwa penseli pembeni mwa daftari siku anazopata nafasi ya kumwonyesha neno peke yake. Si kila siku.

Mume wangu ameweka sharti. Disemba akija atampa ukurasa ambao mtoto hajawahi kuusikia kwa mtu yeyote, na ausome mwanzo, kati na mwisho. Akishindwa, anahamia kwenye sweta, na mie sitakuwa na neno, isipokuwa waanze naye la kwanza hata kama magoti hayaingii chini ya dawati. Nimekubali. Nilidhani tutatumia kitabu cha skuli, amekataa, hatuamini, mie wala bibi asiye na mdomo. Amesema atakuja na gazeti lake mwenyewe, Zanzibar Leo, alinunue bandarini siku atakayopanda boti na asilionyeshe mtu mpaka afike. Nimemwambia sawa, lakini asichague ukurasa wa hotuba, ule hata mie simalizi.